Jiwe Juu ya Faili

Maimuna alibonyeza, akangoja, na mtambo ukamjibu kwa utulivu wote kwamba hakuna kitu cha jina hilo. Akaandika tena, safari hii herufi mojamoja, ncha ya ulimi imechungulia pembeni mwa mdomo. Jibu likawa lile lile. Mtambo hauna haya wala hauna haraka. Ukiuudhi kwa swali moja kutwa nzima, utakujibu vilevile kutwa nzima.

"Umeipata?" mamake, Mwanatumu, akauliza kutoka jikoni alikokuwa akikaanga mahamri.

"Yafunguka, mama. Mtandao mzito leo."

Ulikuwa uongo, na mtandao wa Kismayu ulisingiziwa bure, maana asubuhi ile ulikuwa ukienda vizuri kuliko siku zote. Kilichokosekana ni faili. Faili lenyewe lilikuwa sauti ya babake, marehemu Ghalib, aliyerekodiwa kisiwani kwao Chovai na profesa mmoja wa lugha miaka kadhaa kabla ya kufa kwake. Na wakili wa Faris alikuwa amelitaka lifike Ulaya kabla ya Alhamisi.

Faris ni kakake Maimuna. Wenye bunduki walipomfuata mara ya pili aliona ya tatu haitakuwa na mazungumzo, akaondoka, akatangatanga nchi za watu hadi akafika Ulaya na kuomba ukimbizi. Akanyimwa. Sababu aliyonyimiwa, Mwanatumu kila akihadithiwa hucheka kwanza, kisha hukasirika: ati Faris si Mbajuni. Ofisi ya uhamiaji ilimuunganisha kwa simu na mpima lugha, wakazungumza kwa muda wa chai kuchemka, na mpima lugha akaandika kwamba huyu anasema Kiswahili cha Mombasa, basi ni mtu wa Mombasa, na Mombasa hakuna vita.

Kosa lake Faris lilikuwa adabu. Mbajuni akizungumza na mgeni humfuata mgeni kwa lugha yake, hamlazimishi kufuata ya kwake, ndivyo wanavyolelewa. Yule wa simu alimwamkia kwa Kiswahili cha shuleni, na Faris akamjibu kwa Kiswahili alichokiokota utotoni walipokuwa kwenye kambi ya wakimbizi Mombasa, kila neno limepigwa pasi. Alipoambiwa sasa sema Kibajuni chako, akaona haya, akaanza kukitafuta kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda. Wakamwandikia kwamba hakijui.

Rufaa ilikuwa wiki ijayo. Wakili alisema kama iko rekodi ya zamani, iliyofanywa na mtu asiye wa ukoo wao, ambamo Faris anasikika akiwa Chovai na watu wa Chovai, basi atakuwa na la kusimamia. Kama haipo, Faris afunge mizigo.

"Ipo," Maimuna alikuwa amemwambia kwenye simu, kifua mbele. "Ninayo mimi mwenyewe."

*

Na kweli alikuwa nayo. Maimuna alikuwa msaidizi wa yule profesa: akisikiliza rekodi za wazee wa visiwa vya Koyama, Ngumi na Chovai, akiandika walichosema, akipanga mafaili. Kazi yote aliifanyia sebuleni kwao, mtaa wa Majengo, kwa laptopu yenye kibonyezo kimoja kilichong'oka, lakini mafaili yenyewe hayakuwa humo. Yalikuwa kwenye mtambo wa chuo huko Ulaya: mamia ya kompyuta zilizofungwa pamoja katika chumba cha baridi, zikitumiwa kwa wakati mmoja na watafiti wa maradhi, wa mawingu, wa lugha na wa mambo mengine ambayo Maimuna hakuyajua wala hayakumhusu.

Humo ndani hamna picha za kubonyeza. Kuna kioo cheusi na maandishi tu. Unaandika pwd kuuliza hapa ni wapi, unaandika ls kuona kuna nini, unaandika cd na jina la folda kuingia ndani yake, na ukikosea njia unarudi nyuma folda moja baada ya nyingine mpaka ujue ulipo. Mwanzoni Maimuna alikuwa akipotea humo hadi machozi yanamlenga. Baadaye akawa anakwenda na kurudi kama kwao.

Kila mtumiaji alipewa sehemu yake iitwayo nyumbani, na nyumbani kwenyewe ni padogo. Ukijaza kidogo tu unaambiwa pamejaa. Lakini kulikuwa pia na uwanja wa wote, mpana hauna mwisho, ambako kila mtu anaweka vitu vyake vikubwa anapovifanyia kazi. Rekodi za wazee wengine Maimuna alizimaliza, akazipeleka maktaba ya chuo zikatunzwe. Ya babake aliizuia. Aliizuia kwa sababu katikati ya kumhadithia profesa habari za miamba na samaki, mzee Ghalib alikatiza, akamgeukia Faris aliyekuwa akiteremsha maji chomboni, akamtolea ya kumtolea. Maimuna aliona si vizuri wageni wasikie. Alitaka aikate ile sehemu kwanza, kwa nafasi yake. Nyumbani palikuwa pamejaa, kwa hivyo akaiweka uwanjani.

Sasa, Chovai kuna desturi ambayo hata mtoto anaijua. Bahari ikikutupia ubao mzuri, unauvuta mpaka maji yasipofika, unaweka jiwe juu yake, unakwenda zako. Basi ubao ule umeshapata mwenyewe. Unaweza kusafiri ukaoa, ukazaa, ukarudi, ukaukuta palepale umeliwa na jua. Hakuna atakayeugusa, awe na shida iliyoje. Maimuna alifanya hivyohivyo. Alitengeneza folda, akaipa jina lake, akatia ndani rekodi ya babake, na juu yake akaweka kijifaili cha maneno machache: Hii ina mwenyewe. Maimuna binti Ghalib, wa Chovai.

Kanuni za uwanja alizisoma siku ya kwanza. Zilisema kitu kisichoguswa kwa muda mrefu kitafagiwa. Alizielewa vizuri sana. Aliona zinahusu taka. Nani atafagia kitu chenye jiwe juu yake?

*

Alijitupia buibui, akasema anakwenda kwa Fuad kwa kuwa huko mtandao una nguvu. Ukweli ni kwamba hakutaka mamake amsikie akizungumza na wenye mtambo.

Fuad alikuwa na duka la mtandao na matengenezo ya simu karibu na soko, kijana wa mjini mwenye mdomo mwepesi, si mbaya, ila hajui pa kukomea. Maimuna alipoketi kwenye kiti cha katikati, penye feni, akamwita dada kwa Kisomali, "Abaayo, nyinyi watu wa samaki na hizi kompyuta kubwakubwa, wapi na wapi?" Watu dukani wakacheka. Kisha akaingia mfanyabiashara mmoja wa sukari, na Fuad akamwomba Maimuna, kwa heshima zote, ahamie kile kiti cha mlangoni chenye mguu mmoja mfupi. Akahama. Alikuwa amezoea kuhamishwa viti mjini humo.

Kwa hivyo ni hapo mlangoni, punda wa maji wakipita nyuma yake na kila mtu akisikia, alipompigia simu ya video msimamizi wa mtambo. Alikuwa kijana mwekundu mwenye ndevu chache na subira nyingi. Akaangalia kwake, akasema anaona Maimuna ni mtumiaji mgeni. Akasema folda yake imefagiwa. Akasema walimtumia onyo kwa barua pepe ya chuo, wakamtumia tena, na tena.

Maimuna akaifungua ile barua pepe mbele yake. Alikuwa haifungui, maana siku za mwanzo alizofungua alikuta matangazo ya baiskeli iliyopotea na keki iliyobaki kwenye ukumbi wa ghorofa ya pili, akaona si mambo yake. Sasa akayaona yale maonyo, yamepangana katikati ya keki na baiskeli, yote yameandikwa kwa upole kabisa.

"Lakini niliweka jina langu," alisema. "Niliandika kwamba ina mwenyewe."

Yule kijana akajikuna zile ndevu chache. "Mashine haisomi jina la mtu," akasema. "Inatazama tu lini kitu kiliguswa mara ya mwisho."

"Hakuna nakala pahala?"

"Uwanja hauna nakala. Uliweka saini ulipoingia. Samahani sana."

Akampigia profesa, ambaye alikuwa ameshastaafu na sasa alikuwa akilima maua. Profesa naye za kwake alikuwa amezifuta zamani, akiamini zote zimefika maktaba. Aliomba radhi mpaka Maimuna akaanza kumbembeleza yeye. Alipokata simu, Fuad akamuuliza kutoka ndani kitu gani hicho kilichopotea, maana alisikia jina na mwenyewe na jina tena. Maimuna akalipa, akatoka.

*

Nyumbani alimkuta ami yao Hamidi, mdogo wake marehemu, ambaye alikuwa na kipaji cha kufika wakati mahamri bado ya moto. Maimuna alikuwa amepanga aseme taratibu, aanze na habari za mtambo kwa jumla, azunguke, afike. Badala yake alivua viatu na kusema, "Sauti ya baba imepotea."

Hamidi akaacha kutafuna. Mwanatumu alikuwa ameshika birika. Akaliweka chini.

"Imepotea vipi? Si ulisema iko kwa watu wa chuo?"

Akawaeleza: nyumbani padogo, uwanja wa wote, mfagio. Alipomaliza, mamake akauliza jambo moja tu.

"Jiwe uliweka?"

"Niliweka, mama. Na jina langu, na la baba."

"Wakaligusa hivyohivyo?"

"Hawakuligusa watu. Ni mashine."

"Basi ni watu gani hao," Mwanatumu akasema, "wanaoiachia mashine ipite pwani yao."

Hamidi akaanza. Akasema msichana amesomeshwa, amepewa kompyuta, kutwa anaketi akibonyezabonyeza na watu wanasema mashallah, kumbe kitu kimoja cha nduguye kimemshinda kukiweka. Akasema angempa yeye Hamidi akakitia ndani ya simu yake, kingekuwepo mpaka leo. Simu yake Hamidi ilikuwa imetumbukia baharini mara isiyo na hesabu, lakini hakuna aliyemkumbusha.

"Mwache mwanangu, Hamidi," Mwanatumu akasema. "Kula."

Lakini yeye mwenyewe hakula. Aliingia chumbani, akaketi kitandani upande aliokuwa akilala mumewe. Maimuna alimwona kwa mlangoni, na ndipo alipojua kwamba kumbe siku zote mamake hakuwa akiingojea ile rekodi kwa ajili ya Faris peke yake. Alikuwa hajaisikia sauti ya mumewe tangu siku ya kumzika. Maimuna akajichukia kwa moyo wote.

Alimpigia Faris, kwa sababu lazima mtu amwambie. Faris akasikiliza, kisha akasema, "Vyema. Kuja nilikuja kwa shida, angalau kurudi nitapanda ndege."

"Usifanye mzaha."

"Sasa nifanye nini? Usilie, Maimuna. Wewe hukukosa kitu. Mimi ndiye niliyejitia Umombasa mbele ya watu."

Wakacheka, wakaagana, na kila mmoja alipokata simu akalia upande wake.

*

Asubuhi Mwanatumu alitoka chumbani ameshajifunga leso mbili, macho yamemvimba, na ameshaamka na shauri lake.

"Ubao wako ukikosekana ulipouacha, unafanya nini?"

"Mama, huu si ubao."

"Mimi nakuuliza. Unafanya nini? Unarudi nyumbani ukalie? Unapita mji mzima ukitazama mapaa ya watu. Utauona tu umekaa pahala. Wewe umetazama kwako peke yako."

Maimuna alitaka kumwambia kwamba uwanja wa mtambo si mji, una maelfu ya folda za watu asiowajua, nyingi zimefungwa. Kisha akakumbuka kwamba nyingine hazikufungwa. Ya kwake mwenyewe hakuifunga; kwao Chovai mlango haufungwi mchana, anayefunga mchana huulizwa anaficha nini, naye aliiacha folda yake kila mtu aweze kuingia na kutazama. Akafungua laptopu. Ilikuwako amri ya kutafuta, find, ambayo hakuwahi kuitumia nje ya folda zake. Akaiambia ianzie juu kabisa ya uwanja, ishuke folda hadi folda, ilete kila chenye jina la Chovai.

Mtambo ukaanza kutembea. Mistari ikawa inashuka kwenye kioo: huruhusiwi hapa, huruhusiwi hapa, huruhusiwi na hapa. Mwanatumu akavuta kigoda akaketi karibu, asielewe hata herufi moja, lakini akitazama kwa makini kama anayehesabu wageni wa arusi.

"Wanasemaje?"

"Wanafukuza tu."

"Endelea."

Chai ikapoa. Mistari ya kufukuzwa ikaendelea kushuka, na Maimuna akawa anaisoma kwa nusu jicho, mpaka ukapita mmoja ambao haukuwa wa kufukuza. Akashtuka, akarudisha juu. Ndani ya folda ya mtu asiyemjua, ndani ya folda ya ndege wa baharini, ndani ya folda ya sauti, lilikuwako faili, na jina lake lilikuwa lile lile alilolipa yeye, Chovai na Ghalib na mwaka, limeongezwa mkia mmoja tu kuonyesha ni kipande.

"Mama," akasema, na damu ikampanda. "Tumeibiwa."

"Alhamdulillahi," Mwanatumu akasema.

Mwizi alikuwa mwanamke mtafiti wa ndege. Alikuwa akikusanya milio ya ndege wa pwani ili kuifunza kompyuta kuwatambua, na katika kupekua uwanjani akaona folda iko wazi, akasikiliza, akasikia nyuma ya sauti ya mzee mmoja kundi la ndege ambalo hakuwa nalo. Akakata kipande, akachukua. Na kwa kuwa alikuwa akikitumia kila siku kwenye kazi yake, mfagio haukukigusa. Maimuna alimwandikia, na jibu likaja kabla ya adhuhuri, limejaa aibu: aliliona lile neno la mwenyewe, hakuielewa lugha yake, hakuuliza, anaomba msamaha. Rekodi nzima hana. Ana dakika hizo chache tu. Lakini yuko tayari kuandika na kuapa alizitoa wapi na lini. Tangu siku hiyo nyumba nzima ikamwita Bibi Ndege, na Mwanatumu akawa anamtia kwenye dua.

Wakasikiliza watu watatu, maana Hamidi alikuwa ameshafika. Kwanza walikuwa ndege, kelele tupu, wamegombana juu ya nini haijulikani. Kisha akatoka mzee Ghalib, kwa sauti yake ya mikwaruzo, anamweleza profesa habari za changu na miamba. Mwanatumu akafunika mdomo kwa leso. Kisha mzee akakatiza.

"We Faris! Mchu mzima wainua pipa upande mmoya, upande wa pili wamwekea nani? Mamako?"

Na Faris, kwa mbali, kijana, amechoka, akamjibu kwamba mgongo wamuuma, na pipa lenyewe limejaa, na mbona wengine hawaambiwi kichu. Wakavutana hivyo, baba na mwana, kwa Kibajuni ambacho hakijapigwa pasi hata kidogo. Mzee akamwita gunia. Akasema gunia lina nafuu, gunia ukilisimamisha linasimama. Mwanatumu akacheka mpaka akashika ubavu, na kucheka kwenyewe hakukukoma vizuri, kukageuka kilio hapohapo bila kupumzika. Maimuna akamshika mabega. Naye pia alikuwa akilia. Kile kipande alichotaka kukikata wageni wasikisikie ndicho pekee kilichobaki duniani.

"Sasa hii," Hamidi akasema baadaye, akijifuta macho kwa siri, "hii hamwezi kumpelekea hakimu. Ghalib alikuwa mtu na heshima zake. Asikilizwe Ulaya na makafiri wamevaa tai, akimwita mwanawe gunia?"

Maimuna naye alikuwa akiwaza hilohilo. Wakamtazama Mwanatumu.

"Ghalib angekuwa hai," Mwanatumu akasema, "angepanda chombo akaenda kumtukana Faris mbele ya huyo hakimu kwa mdomo wake mwenyewe. Peleka, mwanangu."

*

Kesi ilisikilizwa kwa video kwa upande wa mashahidi, na mashahidi walikuwa Mwanatumu na Maimuna, kwenye duka la Fuad. Maimuna alifika mapema, akakaa kiti cha katikati, penye feni, na Fuad alipomtazama kwa maana ya kumhamisha, Mwanatumu akamtazama Fuad. Walibaki palepale.

Kwenye kioo walimwona hakimu, mwanamke mwenye nywele nyeupe zilizokatwa. Walimwona afisa wa uhamiaji na wakili, na mkalimani, bwana mmoja wa Tanga mwenye miwani, Kiswahili chake kimenyooka. Na walimwona Faris. Alikuwa amekonda. Alikuwa amevaa koti la kuazima lililompwaya mabegani, amekaa ukingoni mwa kiti. Mwanatumu alikuwa ameshatoa ushahidi wake, na ameshaambiwa na wakili, kwa lugha ya upole, kwamba sasa asiseme tena neno lolote mpaka kesi ikwishe.

Afisa akamuuliza Faris maswali, na Faris akajibu. Akajibu vizuri, kwa heshima, na kwa Kiswahili cha Mombasa kama kilichotoka kwa dobi. Maimuna akatamani aingize mkono ndani ya kioo amfinye. Mkalimani aliuliza kwa Kiswahili safi, na Faris alimfuata kwa Kiswahili safi, kama alivyolelewa, na kila neno la adabu lilikuwa likimvuta karibu na uwanja wa ndege. Afisa akawa anaandika, anatikisa kichwa taratibu, anaandika.

Ndipo wakili akaomba kile kipande kisikilizwe.

Ndege wakaingia mahakamani. Hakimu akainua nyusi. Akaja mzee Ghalib na changu wake na miamba yake, akakatiza, akamwita Faris, akamuuliza habari za upande wa pili wa pipa. Akaja Faris wa zamani na mgongo wake. Likapita gunia. Maimuna alikuwa amekisikiliza kipande kile mara nyingi, alijua kila pumzi yake, na alijua kinavyokwisha: ndege wananyamaza ghafla, mzee anapaza sauti, na Bibi Ndege, ambaye shida yake ilikuwa ndege, anakata hapo.

"Faris! Ndoo uinue!"

Kisha kimya. Hakuna kilichofuata, hakikuwepo.

Faris akasimama. Hakusimama kama mtu mwenye shauri. Alinyanyuka tu, koti limemteremka bega moja, mikono imeshatangulia mbele kutafuta pa kushika.

"Naya, baba," akasema.

Hakimu akamgeukia mkalimani. Mkalimani akavua miwani yake, akaifuta, akairudisha. "Mheshimiwa, nimeshika neno baba," akasema. "Na ile sauti iliyosikizwa pia, nyingi yake imenipita. Mimi ni Mswahili wa kuzaliwa, lakini hayo yao siwezi kuapa kwamba nayajua."

Afisa aliacha kuandika.

Hakimu akaomba Faris aeleze mwenyewe amesema nini. Faris alitazama kushoto na kulia kama ndiyo kwanza anaona yuko wapi. "Baba ameniita, njoo uinue pipa," akasema. "Nimemwambia naja."

"Hapa imeandikwa baba yako amefariki."

"Ndiyo, mheshimiwa."

Hakimu hakumuuliza tena. Alimuuliza afisa kama bado anaitegemea ile ripoti ya lugha, na afisa akasema, kwa sauti ya chini, kwamba haitegemei tena. Mkalimani akalitafsiri jibu hilo taratibu, kila neno, ili lifike Kismayu. Maimuna akaushika mkono wa mamake.

Kule mahakamani kila mtu alikuwa ameketi ila Faris. Alikuwa bado amesimama, mikono iko vilevile, hana wa kumwambia aishushe. Mwanatumu, aliyekatazwa kusema, akainama mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo cha Fuad.

"Keti, mwanangu," akamwambia. "Ameshakusikia."